Karatasi kabla ya mchango: wito kwa watu wa Kasulo

Jioni moja ya mwezi Agosti nilikuwa steshenari pale Benaco, nasubiri kutoa nakala. Mbele yangu alisimama binti mmoja wa hapa hapa kwetu, katoka JKT siku chache tu zilizopita, uso bado umebabuka kwa jua la kambini. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki iliyolainika pembe kwa kushikwashikwa. Akamtolea kijana wa steshenari karatasi moja moja: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, namba yake ya mtihani wa kidato cha sita, picha ndogo. Kijana akaviweka vyeti viwili sambamba chini ya taa, akalifuata jina la baba kwa ncha ya kalamu, herufi kwa herufi. Kwenye cheti kimoja jina lina "r". Kwenye kingine lina "l".

Mliozaliwa huku mnayajua hayo. Jina la Kihangaza au la Kishubi likitajwa mbele ya karani aliyetoka mkoa mwingine, huandikwa vile alivyolisikia yeye. Miaka kumi na minane inapita hakuna anayejali. Ikifika siku ya kuomba mkopo wa elimu ya juu, herufi ile moja inageuka kuwa mto Ruvubu uliofurika, na mtoto yuko ng'ambo ya pili.

"Baba yuko?" kijana akauliza.

"Alifariki nikiwa darasa la tano."

"Cheti cha kifo unacho?"

Binti akanyamaza. Baba yake tulimzika wenyewe, nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Mchungaji alikuwepo, mwenyekiti alikuwepo, kijiji kizima kilikuwepo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuandikisha kwamba mtu yule amekufa. Kwa macho yetu binti ni yatima. Kwa karatasi, ana baba mzima anayetakiwa kumsomesha.

Dirisha la maombi lilikuwa limebakiza siku tatu. Kiapo cha jina kilitakiwa kuapwa, cheti cha kifo kilitakiwa kufuatwa Ngara mjini, cheti cha kuzaliwa na cha kifo vilitakiwa kuhakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, fomu ilitakiwa saini za kijijini na muhuri wa hakimu au wakili. Mwaka ule hakuomba. Mwezi wa kumi tukakaa kikao nyumbani kwa mama yake, tukachanga. Tulipata nauli na sehemu ya ada, tukapiga makofi, tukaomba dua, tukatawanyika. Nilirudi nyumbani nikiwa na kitu kinanikereketa moyoni. Watu tuliokuwa kwenye mkeka ule, walimu, mwenyekiti, mzee wa kanisa, kijana wa steshenari mwenyewe, tungeweza kuimaliza kazi yote ile ya karatasi bila haraka, kama tungeianza mwezi wa tatu. Tulimpa fedha kidogo baada ya kumnyima muda tuliokuwa nao tele.

Ndiyo maana nawaandikia, ndugu zangu wa Kasulo, na ninyi wa Ngara yote hadi Biharamulo. Sisi ni watu wa kuchanga, na sisemi tuache kuchanga. Nasema mchango wetu wa kwanza uwe wa siku zetu na miguu yetu, uje kabla ya ule wa fedha, na uanze wakati mtoto bado yuko darasani.

Maana fedha zipo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Mkopo wake unagusa mambo mengi kuliko ada. Unagusa chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, utafiti, na mahitaji maalumu ya kozi. Fedha ya chakula na malazi, ile ambayo wanafunzi wenyewe wanaiita bumu, ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku. Siku 60 ni shilingi 600,000. Wangapi kati yetu tunaweza kumtumia mtoto aliyeko Dar es Salaam au Dodoma laki sita kila baada ya miezi miwili, mwaka mzima, kwa kuuza maharage? Kijiji kizima kikichanga mara moja, kimempa bumu moja. Shilingi 30,000 za ada ya maombi, zikilipwa kwa wakati na karatasi zikiwa safi, zinaweza kumfungulia mtoto bumu la miaka mitatu au minne. Hesabu hiyo ndiyo ninayotaka tukae nayo.

Najua neno "mkopo" linatisha. Mzee mmoja aliniambia hawezi kuweka saini ya udhamini kwa sababu serikali itakuja kuchukua shamba lake la kahawa. Baba, hakuna anayeweka rehani shamba, ng'ombe wala nyumba kwa mkopo huu. Mdhamini anaweka jina lake na kitambulisho chake, na ni haki yake kusomewa fomu yote kabla ya kutia saini. Deni ni la mwanafunzi. Anaanza kulirudisha baada ya kumaliza masomo, na akiajiriwa mwajiri anamkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Zamani kulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kila mwaka, iliyofanya deni linenepe hata mtu akilipa. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Deni ni deni, lazima lilipwe, na anayelipa leo anamsomesha mdogo wake wa kesho. Nawaomba tu wazazi msimzuie mtoto kwa kuogopa jambo ambalo halimo kwenye fomu.

Sasa kalenda, maana hapo ndipo wengi wetu tunapoangukia. Mtihani wa kidato cha sita unafanyika Mei. Mara baada ya hapo vijana wanaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, wengine Mtabila, wengine Kanembwa, wengine mbali zaidi. Wakati wako kwenye gwaride, matokeo yanatoka, dirisha la mkopo linafunguliwa, na vyuo vinaanza kupokea maombi. Yule anayehitajika zaidi kwenye karatasi hayupo, na simu hana. Anayebaki nyumbani ni mama, ambaye pengine hajui hata mtoto wake alisoma mchepuo gani. Kwa hiyo kazi hii haiwezi kuwa ya mtoto peke yake. Kabla hajapanda basi la kwenda kambini, akae na mzazi au mlezi meza moja, wapange vyeti vyote, waandike namba za mitihani kwenye daftari, wakubaliane nani atashika bahasha na nani atakwenda wapi. Mtoto akirudi aikute kazi imebakiza saini yake tu.

Hata hivyo, kungoja kidato cha sita ni kuchelewa. Jina lililokosewa linasahihishwa vizuri mtoto akiwa kidato cha pili, kabla hajajisajili kwa mtihani wa kidato cha nne, maana baada ya hapo cheti cha taifa kinalibeba kosa lile na kulisafirisha. Walimu wa sekondari zetu, nawasihi sana hapa. Siku ya kuandikisha watahiniwa, kila mtoto aje na cheti chake cha kuzaliwa, mlinganishe herufi kwa herufi, kama alivyofanya yule kijana wa steshenari kwa ncha ya kalamu. Asiye na cheti cha kuzaliwa aanze kukitafuta mwezi huo huo. Wenye watoto wachanga mna nafuu ambayo sisi hatukuwa nayo: watoto wa chini ya miaka mitano wanasajiliwa na kupewa cheti bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata. Mama anayetoka kliniki leo na cheti cha mwanawe amemfanyia kazi ya miaka kumi na minane mbele.

Na tuandikishe vifo vyetu. Nalisema kwa uchungu. Tunajua kukesha msibani, tunajua kuchimba kaburi usiku kwa taa ya simu, tunajua kupika kwa ajili ya watu mia. Iwe sasa desturi ya Kasulo kwamba kabla tanga halijamalizika, mtu mmoja wa ukoo anatajwa kwa jina mbele ya watu, anapewa nauli, anakwenda kufuatilia cheti cha kifo. Bodi huwatazama kwa jicho la pekee yatima, wenye ulemavu, na watoto wa kaya zinazosaidiwa na TASAF. Lakini inawatazama kupitia karatasi. Yatima bila cheti cha kifo cha mzazi hana cha kumwonesha mtu. Mwenye ulemavu anahitaji uthibitisho wa daktari wa serikali. Mtoto wa kaya ya TASAF anahitaji namba ya kaya, ile iliyoandikwa kwenye kadi ambayo mama ameikunja kwenye kitenge na kuihifadhi chini ya godoro, akiitoa siku ya malipo tu. Nimekutana na mzazi aliyeificha kadi hiyo kwa aibu, hataki ijulikane chuoni kwamba mwanawe ni wa kaya maskini. Mama yangu, itoe. Namba ile ni ushahidi wa jasho lako, na mtoto wako ana haki ya kuutumia.

Sisi wa mpakani tuna mzigo mmoja zaidi. Kuanzia mwisho wa Aprili 1994, ndani ya siku mbili hivi, watu zaidi ya laki mbili walivuka Rusumo wakiikimbia Rwanda, na Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kuliko zote duniani. Wazee wanakumbuka: mwenye kadi alipata mgao wa mahindi na maharage, asiye na kadi alisimama pembeni akitazama. Tulijifunza mapema kuliko wengi kwamba karatasi inaweza kuwa chakula. Kambi zilifungwa, lakini maswali ya nani ni raia yalibaki. Mtu wa Ngara akiomba kitambulisho cha taifa huulizwa zaidi juu ya babu na bibi kuliko mtu wa Morogoro. Sitawaambia msikasirike. Nawaambia mjiandae. Wazazi ambao bado hamna kitambulisho cha NIDA, anzeni sasa, maana mdhamini anaombwa kitambulisho, na foleni yetu ni ndefu. Wenyeviti na wazee mnaojua nani kazaliwa wapi na mwana wa nani, mwitikeni mtu anayekuja kuomba ushuhuda wenu, na mwitikeni bila kudai chochote. Maneno yenu mawili matatu kwenye barua ndiyo yanayofungua mlango.

Mkopo si mlango pekee. Kwa vijana waliofaulu vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita, tangu mwaka wa masomo 2022/23 upo ufadhili wa Samia, ambao haurudishwi, kwa wanaokwenda kusomea sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Benki Kuu nayo ina mfuko wa ufadhili wenye jina la Mwalimu Nyerere. Tuwe wakweli, nafasi hizi ni za wachache wenye alama za juu kabisa. Lakini binti wa Kasulo mwenye alama hizo akikosa kwa sababu hakusikia, hatutakuwa na wa kumlaumu ila sisi.

Mlango ambao naona tunaupita bila kuutazama ni ule wa stashahada. Tangu mwaka 2023/24 Bodi inatoa mikopo pia kwa baadhi ya kozi za stashahada: afya, ualimu wa sayansi, hisabati na ufundi, usafirishaji, nishati, madini, kilimo na mifugo. Tazameni orodha hiyo, kisha tazameni tulipo. Malori ya Kigali na Bujumbura yanalala mlangoni petu. Nikeli ya Kabanga iko wilaya hii hii. Maporomoko ya Rusumo yanatoa umeme unaogawanywa kwa nchi tatu. Kijana aliyepata alama za wastani kidato cha nne, ambaye tumeshamwambia "nenda kaendeshe bodaboda", anaweza kuwa fundi, muuguzi au mtaalamu wa madini kwa njia hiyo. Tusimhesabu mtoto kuwa ameshindwa kwa sababu hakufika kidato cha tano.

Na kwa wale ambao tayari wana shahada ya kwanza, kumbukeni kwamba Kigali iko karibu nasi kuliko Dodoma. Kampasi ya Afrika ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iko pale, inafundisha shahada za uzamili za teknolojia ya habari na uhandisi, na Mfuko wa Mastercard unafadhili Waafrika kusoma hapo. Ushindani ni mkali na maombi yanataka Kiingereza kizuri. Lakini kijana wa Benaco anayeona basi la Kigali likipita kila siku asidhani limetengenezwa kwa ajili ya watu wengine.

Mahali penye njaa ya elimu, vishoka hawakosekani. Anakuja mtu na simu kubwa, anasema ana mjomba kwenye Bodi, mpe laki moja atakupitishia jina. Au ujumbe unaingia WhatsApp: umechaguliwa kwenda kusoma Kanada, tuma fedha ya usajili leo kabla ya saa kumi. Malipo halali ya Bodi yanalipwa kwa namba ya malipo ya serikali inayotolewa na mfumo wenyewe, na hayapiti kwenye simu ya mtu yeyote. Ukiharakishwa, simama, mwoneshe mwalimu. Na kijana usimpe mtu mwingine nywila yako akuombee kisha aondoke nayo, hata kama ni rafiki. Keti naye, tazama kila anachojaza.

Mtoto akishaomba, tusimwache hapo. Majina hutoka kwa awamu, na asiyeona jina lake awamu ya kwanza bado yumo. Fomu yenye kasoro hurudishwa kwa marekebisho kwa siku chache tu, na ujumbe unakuja kwenye akaunti ya mwombaji, ambayo lazima mtu aifungue na kuisoma. Mwisho kuna dirisha la rufaa kwa aliyekosa au aliyepangiwa fedha kidogo. Nimeona watoto waliokata tamaa wiki moja kabla ya rufaa kufunguliwa, wakasafiri kwenda kutafuta vibarua, laini ya simu ikazimwa.

Mwalimu Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa ufadhili, akarudi mwaka 1952 na shahada yake. Tunapenda kusimulia akili yake, na ni kweli alikuwa nayo. Tunasahau kwamba kulikuwa na Padri Richard Walsh wa Tabora, aliyemhimiza na kumsaidia katika kutafuta nafasi ile. Hata mwenye kichwa kama kile alihitaji mtu wa kukaa naye.

Basi, nani atakaa na watoto wetu? Naomba ofisi ya kata itupe chumba na meza moja, kila Jumamosi kuanzia Machi hadi dirisha la rufaa litakapofungwa. Walimu wastaafu kama mimi tuko wengi, na Jumamosi zetu hazina kazi kubwa. Vijana mliomaliza chuo mkasubiri ajira nyumbani, ninyi mmeupita mfumo ule juzi tu, mnaujua kuliko sisi wote, njooni na kompyuta zenu mkiwa nazo. Wenye steshenari, punguzeni bei ya kuskani kwa watoto wanaoletwa na meza ile. Madereva wa bodaboda, mbebeni bure au kwa nusu bei anayefuata cheti. Misikiti na makanisa yatangaze tarehe za dirisha kama yanavyotangaza harusi, na ndugu zetu wa Radio Kwizera wazitangaze kwa lugha ambayo bibi ataielewa. Na kikundi chochote chenye kibubu, kitenge fungu dogo la ada ya maombi kwa watoto wasio na 30,000. Mtoto asikae nyumbani mwaka mzima kwa fedha ambayo sisi tunaimaliza kwenye soda za kikao kimoja.

Yule binti alizirudia karatasi zake mwaka uliofuata. Mama yake alikuwa ameshafuata cheti cha kifo, mwenyekiti alimpa barua siku ile ile, na hati ya kiapo ilimaliza ugomvi wa "r" na "l". Aliomba wiki ya kwanza ya dirisha. Akapata. Siku ya kuondoka hatukufanya kikao, kila mmoja alimpa alichonacho pale pale kwenye basi.

Mzazi mwenye mtoto aliye kidato cha pili na kuendelea, nikute Jumamosi kwenye meza ile ya kata. Njoo na kila karatasi uliyonayo nyumbani, hata ile unayoona haina maana. Cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki, barua ya kijiji, kadi ya chanjo. Na ile ya TASAF iliyoko chini ya godoro.